Sauti Iliyoshonwa Kwenye Ukosi

1

Jumamosi hiyo mvua ilikatika Mbeya, na Sekela akapata nafasi ya kufua sare za wiki nzima. Sweta la mwanawe lilining'inia kwenye kamba likichuruzika maji. Jikoni, baba yake, Mzee Andongwisye, alikuwa anatafuta unga wa kukorogea uji.

"Bibi mdogo," alimwita mjukuu wake, "njoo unisomee hapa. Miwani nimeiacha chumbani. Huu ni wa dona au wa sembe?"

Tuseki alikuja mbio. Alikuwa na miaka saba, mwanafunzi wa darasa la pili katika Shule ya Kilele, ile yenye basi linalojiendesha na bwawa la kuogelea lenye maji ya moto. Jumatatu iliyopita aliitwa mbele ya paredi akavishwa utepe wa msomaji bora, baada ya kusoma ukurasa mzima wa Kiingereza bila kukwama hata mara moja. Mama yake aliirekodi ile sauti akaituma kwa ukoo mzima, na shangazi aliyeko Tukuyu akaipiga kanisani.

Mtoto aliupokea mfuko wa unga. Aliutazama mbele, akaugeuza, akautazama nyuma.

"Babu, subiri kwanza nivae sweta."

"Sweta la nini, na jua lote hili?"

"La kusomea."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Tangu lini kusoma kuna nguo yake? Mimi nimejifunza kusoma usiku na ovaroli ya karakana, grisi mpaka masikioni, na herufi hazikunikataa."

Sekela aliingia na beseni mkononi. "Tuseki, acha mchezo. Msomee babu."

Mama yake alimwelekezea kidole kwenye jina la unga.

"Herufi ya kwanza ni ipi?"

Tuseki aliitazama ile herufi kama mtu anayesalimiwa barabarani na asiyemfahamu. "Ni... B?"

Ilikuwa U.

"Na hii inayofuata?"

"Ni hiyo hiyo. Imegeuka."

"Tuseki! Jumatatu umesoma Kiingereza mbele ya shule nzima, leo U inakushinda? Unanifanyia makusudi?"

"Usimpigie kelele," mzee alisema. Hakuwa anacheka tena.

Mtoto alitoka mbio huku machozi yanamtoka. Alilivuta sweta kwenye kamba, akalivaa hivyo hivyo likiwa bichi, akafunga kifungo cha juu mpaka ukosi ukambana shingo. Kisha akarudi, akaushika ule mfuko na kusoma.

Alisoma jina la unga. Akasoma uzito, maelekezo ya kupika, onyo la kuhifadhi mahali pakavu, hata anwani ya kiwanda iliyoandikwa kwa maandishi ya sisimizi. Alisoma bila kuvuta pumzi, kama mtangazaji wa taarifa ya habari, na maji ya sweta yakimdondoka miguuni.

Sekela aliweka beseni chini. Alipiga magoti, akaufikicha ukosi kwa vidole viwili. Ndani ya nyuzi kulikuwa na kitu chembamba kigumu, kirefu kama kijiti cha mshikaki, kikipinda kila shingo ilipopinda. Kifungo cha juu kilikuwa na kidoti cha kioo katikati.

Walimvua. Mzee Andongwisye aliubandika ukosi kwenye shingo yake mwenyewe, akaelekeza kifungo kwenye mfuko wa unga. Uso wake ulibadilika.

"Kuna mtu anasoma humu," alisema kwa sauti ya chini. "Sekela, kuna mtoto anasoma ndani ya mfupa wangu. Ni sauti ya huyu huyu."

Alimgeukia mjukuu wake. "Nani anaongea humu, bibi mdogo?"

"Ni mimi, babu," Tuseki alijibu, akishangaa kuulizwa jambo la wazi namna hiyo. "Ndivyo ninavyofikiri."

"Na ukilivua?"

"Kichwa kinanyamaza."

2

Mwalimu mkuu wa Kilele aliitwa Madam Hilaria. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa kauli, mwenye vyeti vingi ukutani, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa kwa Kichina. Aliwapokea Jumatatu asubuhi kwa chai ya maziwa. Tuseki alikuwa ameshapelekwa darasani, akapewa sweta la akiba la sare, kwa maana lake mama yake alilibeba ndani ya mfuko kama mtu anayepeleka nyoka polisi.

"Kinaitwa Kidokezi," Madam alisema, bila hata kubabaika. "Kifungo kinaona kile anachokiona mtoto. Utepe wa ndani unapitisha sauti kwenye mfupa, ndiyo maana jirani yake hasikii. Wiki ya kwanza ya shule tunamrekodi mtoto akiongea na kuimba, basi mtambo unamtengenezea sauti yake mwenyewe. Tuligundua kwamba sauti ya mtu mwingine inawatisha. Yao hawaitilii shaka."

"Mlimwekea mwanangu kitu hiki bila kuniambia," Sekela alisema.

"Ulikubali, Mama Tuseki. Siku ya kumwandikisha ulibonyeza kukubali sare pamoja na huduma zake."

"Sare! Nilijua mnamvalisha sweta, sikujua mnamvalisha akili."

Mzee Andongwisye aliweka kikombe chini. "Mwalimu, mimi si mtu wa maneno mengi. Nieleze jambo moja. Mjukuu wangu ana tatizo gani? Kwa nini herufi zinamgeuka?"

"Hatujui."

"Hamjampima?"

"Mzee wangu, hatupimi tena." Madam alishusha pumzi, kama mtu aliyechoka kueleza. "Tukimpima itabidi tuandike. Tukiandika, Bodi ya Mitihani inasoma, na wastani wa shule unashuka siku hiyo hiyo. Kila saa shule zote za nchi zinapangwa upya kwa wastani. Tukiteremka nafasi ishirini, wazazi mia mbili wanahamisha watoto. Zamani tulikuwa na mwalimu wa kukaa na mmoja mmoja, wale wa taratibu. Alikuwa mzuri sana. Lakini kwa mtoto kama wako alihitaji miaka miwili. Kidokezi kinahitaji dakika kumi."

"Kumi za kufanya nini?" mzee aliuliza. "Za kumfundisha?"

Madam aliinua birika, akamwongezea Sekela chai.

Neno lilikuwa limesemwa. Watu wazima, wenye shahada na magari, walikaa mezani wakakubaliana kwamba mtoto asiyejua kusoma ni aibu ya kufichwa, wala si kazi ya kufanywa. Wakamshonea mdomo wa bandia, wakamvisha utepe mbele ya paredi, wakachukua ada. Na kwa kuwa alikuwa akisoma Kiingereza, na kwa lafudhi ya mbali, nyumbani kwake hakuna aliyethubutu kumwuliza anaelewa nini. Kiingereza kikitoka kinywani mwa mtoto wetu huwa hatuulizi kinatoka wapi. Tunapiga makofi.

"Hakuna anayesema Tuseki ni mjinga," Madam aliendelea. "Neno hilo hapa hatulitumii."

"Hamlitumii," mzee alisema. "Mmelishona."

"Mzee, wewe unavaa miwani. Kuna ubaya gani? Mwenye macho mabovu anasaidiwa, mwenye mguu mbovu anasaidiwa. Huyu naye tunamsaidia."

"Miwani yangu haisomi, mwalimu. Inanionyesha, nasoma mwenyewe. Siku ikianza kunisomea gazeti nitaitupa chooni."

"Baba," Sekela alimtuliza, kwa sababu Madam alikuwa amemgeukia yeye, na sauti yake ilikuwa imelainika.

"Mama Tuseki, wewe ndiye unayelala naye. Kumbuka mwaka jana."

Sekela alikumbuka. Mwaka jana, kabla ya sweta, Tuseki alikuwa akijificha chooni kila kipindi cha kusoma. Wenzake walimpachika jina la Zuzu, na alilizoea kiasi kwamba akiitwa aliitika. Alianza kukojoa kitandani. Asubuhi moja alimwuliza mama yake kama kuna kazi duniani ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa amefumba macho. Halafu, ghafla, baada ya likizo ya Pasaka, alipoanza kuvaa sweta la Kilele, yote yalikwisha. Mtoto akawa anaimba bafuni. Sekela alimshukuru Mungu, na hakuuliza.

"Unataka kumrudisha kule?" Madam aliuliza. "Alhamisi ni Sensa ya Wasomaji. Kila mtoto nchini atapimwa kusoma. Una njia mbili. Unabonyeza kidole hapa, na mwezi wa sita tunamhamishia Kidokezi chini ya ngozi, nyuma ya sikio, punje ndogo kama ya mtama. Atakuwa nayo mpaka chuo kikuu, hatahitaji sweta, na hakuna atakayemcheka tena maisha yake yote. Au unamwondoa leo, kwa hiari yako, kabla ya sensa."

"Njia ya tatu," Sekela alisema. "Mvueni, abaki hapa, apatikane mtu wa kukaa naye. Nitamlipa mimi."

"Bodi ya shule haitakubali. Akisoma Alhamisi bila ukosi, tumekwisha."

"Kwa hiyo mnamfukuza."

"Tunakushauri."

Mzee Andongwisye alisimama. "Twende, Sekela."

Lakini Sekela hakusimama. Alikuwa akilitazama sweta lililokuwa juu ya mapaja yake. Baba yake alikuwa na haki ya kukasirika. Kukasirika hakumgharimu kitu. Kesho asubuhi si yeye atakayeingia darasani huku kichwa kimenyamaza. Na shule nyingine mjini zilikuwa zile zile, zenye masweta ya rangi nyingine.

"Livae," Madam alimwambia kwa upole. "Humjui adui unayempiga vita. Livae uone mwanao anaishije."

Sekela alilitanda sweta mabegani, akaubana ukosi shingoni kwa mkono. Madam alimwonyesha kile cheti cha Kichina ukutani. Alipokiangalia tu, sauti ilikuja. Haikupitia masikioni. Ilikuja kutoka ndani kabisa, mahali mtu anapohesabia fedha zake kimya kimya, na ilikuwa ya Tuseki, yenye kile kikwaruzo chake kidogo cha mafua. *Cheti cha heshima. Kimetolewa kwa Hilaria Komba, kwa kutambua utumishi wake.* Kichina chote kilifunguka mbele yake kama pazia. Aliitazama kalenda, ikasomeka. Akautazama mgongo wa kitabu kilichokuwa mbali, ukasomeka. Hakukuwa na jasho wala woga.

Machozi yalimlenga. Hivi ndivyo mwanangu anavyojisikia, aliwaza. Mimi ni nani nimnyang'anye? Alinyoosha kidole gumba kuelekea kwenye kioo cha kubonyezea kilichokuwa mezani.

"Sekela!" baba yake alisema.

Madam alikisogeza kile kioo karibu zaidi, akitabasamu. "Kwa hiyo, Mama Tuseki, tumeelewana?"

*Ndiyo, mwalimu. Nimeelewa. Asante, mwalimu.*

Mdomo wa Sekela ulikuwa umeshafunguka. Ulimi ulikuwa umeshainuka kutamka "ndiyo". Alihisi kabisa kwamba ndilo alilokuwa amelifikiri, tena kwa moyo mkunjufu. Aliufunga mdomo kwa nguvu mpaka meno yakagongana.

"Uliza tena," alisema.

"Niulize nini?"

"Hilo hilo uliloniuliza."

"Nimesema, tumeelewana?"

*Ndiyo, mwalimu. Nimeelewa. Asante, mwalimu.*

"Niulize kama nimechoka."

"Mama Tuseki, sioni..."

"Niulize!"

"Umechoka?"

*Hapana, mwalimu. Niko tayari.*

Sekela alisogea mbele. "Niulize kama kuna mtu aliyeniumiza."

Madam Hilaria alikiangalia kikombe chake. Hakuuliza. Ikabidi mzee ainame, mikono juu ya magoti, auangalie uso wa binti yake kama alivyokuwa akiuangalia zamani alipokuwa mdogo.

"Kuna mtu amekuumiza, mwanangu?"

*Hapana, mwalimu. Nina furaha hapa shuleni.*

Sekela alilivua sweta. Alilivua kwa pupa, likamkwama kwenye hereni, akalivuta hivyo hivyo.

"Hayo ni majibu ya adabu tu," Madam alisema haraka. "Yamewekwa ili mtoto asiduwae mbele ya wageni. Mtoto anayeduwaa anapoteza alama."

"Mwanangu amekaa mwaka mzima humu ndani," Sekela alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno. "Kila aliposhindwa kuelewa, kabla hajajua kwamba hajaelewa, mlimwambia ameelewa. Kwa sauti yake. Kama ameumwa, kama ameogopa, kama kuna mtu amemshika vibaya huko kwenye bwawa lenu, mlikuwa mmeshamjibia. Mimi nilidhani mmemwazima macho. Kumbe mmemnyang'anya 'hapana'."

"Tuna watoto wengi wanaotumia, na hakuna mzazi aliyelalamika."

"Wengi wangapi?"

Sekela hakungoja jibu; alitoka ofisini, baba yake nyuma yake.

Darasa la pili lilikuwa mwisho wa varanda. Walipofika mlangoni, mwalimu, kijana mwenye tai, alikuwa anafuta ubao. "Mmeelewa?" aliuliza huku amewapa mgongo.

"Ndiyooo mwalimu! Tumeelewaaa! Asante mwalimuuu!"

Darasa zima, kwa mpigo mmoja. Sekela alisimama akishika kizingiti. Naye alikuwa ameimba hivyo hivyo utotoni, kama kila mtoto wa nchi hii, bila ukosi wowote. Na baba yake, katika lile darasa lake la usiku, mtu mzima na ndevu zake, naye aliitikia hivyo. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Waliotengeneza ule mtambo hawakubuni kitu kipya. Waliutazama wimbo wetu wa siku zote, wakaushonea mahali ambapo mtoto hawezi kukaa kimya hata akitaka.

"Tuseki," Sekela aliita. "Chukua begi lako. Sweta liache kwenye dawati."

3

Juu ya geti la Kilele kulikuwa na ubao wa mwanga ulioonyesha nafasi ya shule kitaifa. Mlinzi aliwafungulia bila kuwaangalia usoni. Kabla hawajavuka barabara, mzee aligeuka, na wote watatu wakaona namba ikibadilika. Shule ilikuwa imepanda nafasi moja.

"Mmeona!" Mzee Andongwisye alipiga fimbo yake kwenye lami. "Hata dakika tano hazijapita! Wameshamfuta! Mtoto wa miaka saba ametoka mlangoni, wao wamepanda! Nitakwenda kwa Mkuu wa Wilaya. Nitakwenda redioni. Nitasimama hapa hapa getini na spika ya kukodi, wanijue!"

"Utakwenda, baba," Sekela alisema. "Nami nitakusindikiza. Lakini ngoja kwanza."

Tuseki alikuwa anatetemeka. Baridi ya Mbeya haina huruma na mtoto aliyevaa shati peke yake. Sekela alimvisha koti lake, likamfika miguuni, wakakaa watatu kwenye ukingo wa mtaro.

"Mama, nimekosea nini?"

"Hujakosea kitu."

"Mbona nimefukuzwa?"

"Hujafukuzwa. Tumeondoka."

"Mwalimu amesema Alhamisi kuna sensa. Mimi ni msomaji bora. Nani atasoma?"

Sekela alitazama mbali kidogo, akatafuta maneno. Hakuwa na shule ya kesho. Hakuwa na mwalimu wa kukaa na mtoto huyu, wala hakujua ni nini hasa kinachomgeuzia herufi, kama kina jina, kama kina dawa, au kama ni namna tu ya macho yake kuiona dunia. Alichokuwa nacho ni ukweli, nao haukuwa mtamu.

"Sikiliza, mama," alianza. "Ile sauti ya kwenye sweta haikuwa wewe. Ilikuwa mashine inayoiga sauti yako. Yenyewe ndiyo iliyokuwa inasoma. Wewe bado hujajua kusoma, na si kosa lako, ni kwa sababu hawakukufundisha. Tutatafuta mtu atakayekufundisha taratibu. Itakuwa ngumu. Utakosea mara nyingi, na kuna watoto watakucheka, na mimi sitaweza kuwazuia wote. Lakini utakachokisoma kitakuwa chako." Akavuta pumzi, na kwa mazoea tu akaongeza: "Umeelewa?"

Mkono wa Tuseki ulikwenda shingoni. Vidole vilipapasa pale ulipokuwa ukosi, vikakuta ngozi. Alisubiri. Macho yake yalikuwa yametulia mahali pamoja, kama ya mtu anayesikilizia hatua za mgeni nje ya mlango. Basi la shule lilipita tupu. Mzee alifungua mdomo kusaidia, Sekela akamgusa goti, naye akaufunga.

Wapita njia waliwageukia.

"Hapana," mtoto alisema mwishowe. Alisema polepole, akilionja neno, na alipolimaliza alimtazama mama yake kwa hofu, akingoja kupigwa au kuchekwa. "Sijaelewa, mama. Kama siyo mimi niliyekuwa nasoma, mimi nilikuwa wapi?"

Mzee Andongwisye aligeuza uso upande wa pili, akajishughulisha na kifundo cha fimbo yake.

Sekela alimvuta mwanawe karibu, akamfunga kifungo cha koti.

"Haya," alisema. "Naanza tena kukueleza, tangu mwanzo."